Mafuta ya kupikia kabla ya mimba: anza na sufuria miezi mitatu mapema

Kila wiki kuna dada anayenisimamisha njiani hapa Manyatta, Kisumu, kuniuliza jambo lile lile. Mmoja anasema, "Nataka kushika mimba, niache mafuta kabisa?" Mwingine anasema, "Mimi si mnene, mafuta yananihusu nini?" Wa tatu, na huyu ndiye huniumiza moyo, tayari ana miezi sita, presha imeshapanda, na anataka kujua angefanya nini mapema. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, si daktari. Lakini majibu haya nimeyarudia mara nyingi mno, nikaona heri niyaweke yote pamoja, kwa jikoni zetu za huku ziwani, zenye omena (dagaa wa ziwani), ngege (tilapia) na mboga za kienyeji.

Jibu fupi ni hili: usiache mafuta. Badilisha aina yake, punguza kipimo, na uanze angalau miezi mitatu kabla ya kuacha njia ya kupanga uzazi.

Kwa nini kabla, na si wakati wa mimba? Kwa sababu kondo la nyuma halikungoji. Hujishikiza kwenye mji wa mimba siku chache baada ya yai kurutubishwa, kabla hata hujajua kwamba hedhi imekosa. Kuanzia wiki hizo za mwanzo hadi karibu wiki ya 20, chembe za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya damu ya mji wa mimba na kuitanua, mpaka ile iliyokuwa myembamba na ya kujibana iwe mifereji mipana. Kazi hiyo ikienda vizuri, mimba ikikomaa mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Isipoenda vizuri, damu hupita kwa shida, mtoto hubaki mdogo, na mama anaweza kupata presha ya mimba.

Mwaka 2011 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya tumbili wa Kijapani waliolishwa chakula chenye mafuta mengi tangu kabla ya kubeba mimba. Damu iliyokwenda kwenye mji wa mimba ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na ilipungua hata kwa wale ambao hawakunenepa. Hao ni tumbili, na chakula chao kilipimwa kizimbani, kwa hiyo usikichukue kisa chao kama hukumu juu yako. Lakini ndicho kinachonifanya nimjibu yule dada mwembamba kwamba ndiyo, mafuta yanamhusu.

Nina sababu yangu pia. Nilipobeba mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nikikaanga chapati na mandazi Kondele tangu saa kumi alfajiri, na chakula changu cha mchana kilikuwa kile kilichobaki kwenye ndoo. Presha ilipanda mwezi wa nane. Mtoto alizaliwa na kilo 1.9. Siwezi kuapa kwamba ni mafuta, maana siku hizo hata neti ya mbu nilikuwa nikiifunga na kuifungua nilivyotaka. Najua tu kwamba hakuna aliyeniambia lolote kabla, na wewe nataka uambiwe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikombe kidogo cha kupimia dawa ya mtoto, kile chenye alama za mililita 5, 10 na 15. Vijiko vya nyumbani havilingani, hiki hakidanganyi. Mililita 15 ndicho kijiko kikubwa kimoja.
- Chupa safi ya nusu lita yenye kifuniko.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa.
- Sufuria yenye kitako kizito na mfuniko unaoshika vizuri. Bila mfuniko utajikuta unaongeza mafuta ili chakula kisishike.
- Vidonge vya foliki vya mikrogramu 400.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua unachofanya. Ukipika peke yako kwa siri utachoka wiki ya pili.

Hatua ya 1: Pima mwili kwanza

Pima presha, sukari, uzito, urefu na wingi wa damu. Presha na sukari unaweza kupimwa mlangoni kwako: tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii tumepewa mikoba yenye mashine hizo. Muulize wa kijiji chako. Damu utapimwa kwenye zahanati.

Presha ikiwa 140/90 au zaidi, muone daktari kabla ya kuacha kupanga uzazi. Kama tayari unameza dawa za presha, usiziache mwenyewe, ila mwambie daktari kwamba unajiandaa kubeba mimba, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo haziwafai wajawazito na hubadilishwa mapema.

Kuhusu uzito, chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi; 30 na kuendelea ni unene. Kwa dada mwenye mita 1.60, hiyo ni chini ya kilo 47 upande mmoja, na kuanzia kilo 77 upande wa pili. Andika jibu lako, kwa sababu hatua ya 4 inalitegemea.

Foliki anza leo, kidonge kimoja kila siku, hadi wiki ya 12 ya mimba. Kama una kisukari, unameza dawa za kifafa, una selimundu, au uliwahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo, muulize daktari, maana kipimo chako huenda kikawa kikubwa zaidi.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kupima bila kubadilisha chochote

Jaza ile chupa ya nusu lita, andika tarehe, na pika kama kawaida yako. Usijibane; tunatafuta ukweli. Kila kilichonunuliwa nje kikiwa kimekaangwa, kiandike: chapati mbili, KDF nne (vile vipande vya unga vya kukaanga), chipsi za shilingi hamsini, smoki (soseji), mgongo wazi (mfupa wa samaki wa kukaanga). Chupa ikiisha kabla ya wiki, ijaze tena na uandike.

Mwisho wa wiki, gawanya mililita zilizotumika kwa siku 7, kisha kwa idadi ya watu wazima wanaokula hapo. Watoto wadogo hesabu wawili kama mtu mzima mmoja. Wengi ninaowafanyia hesabu hii hushangaa. Kuna dada wa Nyalenda aliyekuwa na uhakika kwamba anapika kwa mafuta kidogo, na kweli kila siku alimwaga kidogo, lakini alimwaga mara tatu kwa chungu kimoja: kwenye kitunguu, kwenye nyanya, na tena mboga ilipoanza kukauka.

Hatua ya 3: Badilisha aina

Mafuta yanayoganda ndiyo ya kupunguza. Humo mna samli, siagi, mafuta ya ng'ombe, mafuta ya nazi, na mafuta meupe ya kopo. Ukisoma kwenye kopo kwamba mafuta yametiwa haidrojeni, yaache dukani. Hiyo ndiyo aina mbaya kuliko zote kwa mishipa ya damu, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi asilimia 1 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Yale mengine ya kuganda yasizidi asilimia 10.

Badala yake tumia mafuta ya alizeti, ya soya, ya mahindi, ya simsim au ya zeituni kama mfuko unaruhusu. Huhitaji la ghali kuliko yote, alizeti inatosha.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Kisumu ni joto, na mafuta yanayomiminika hapa si lazima yawe ya alizeti. Mafuta mengi ya rangi ya dhahabu yanayouzwa kama "salad" ni ya michikichi, na karibu nusu yake ni ya aina ile ile inayoganda. Yapeleke Nakuru asubuhi ya baridi utayaona yamekuwa na ukungu mzito chini ya chupa. Soma karatasi ya chupa: ukiona "palm", ndiyo hayo. Kama huna hakika, mwombe jirani mwenye friji akuwekee kikombe kimoja usiku kucha. Yakiganda au yakawa mazito kama uji, umepata jibu.

Na mafuta ya kupima, yale yanayouzwa kidogo kidogo kutoka mtungini? Sikatazi, najua mwisho wa mwezi ulivyo. Ila muulize mwenye duka akuonyeshe mtungi aliomiminia, usome maandishi yake. Akikataa kuuonyesha, nenda duka jingine. Mafuta yenye rangi ya chai na harufu ya samaki yalishapikiwa.

Hatua ya 4: Weka kipimo

Shirika la Afya Duniani hilo hilo linashauri mafuta yote kwa ujumla yasizidi asilimia 30 ya nguvu ya chakula. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 65 hivi, sawa na vijiko vikubwa vinne na nusu. Lakini karibu nusu yake tayari imo kwenye maziwa, mayai, samaki, nyama na njugu. Kwa hiyo mafuta ya kumimina yawe vijiko vikubwa viwili kwa mtu mzima kwa siku, yaani mililita 30.

Kwa mke na mume, hiyo ni mililita 60 kwa siku. Nusu lita ifike siku 8. Lita nzima ivuke siku 16. Ukiona lita inakatika kwa wiki moja, hamlishwi na chakula, mnalishwa na mafuta.

Asubuhi mimina kipimo cha siku nzima kwenye kikombe kando, urudishe chupa kabatini. Chochote utakachopika siku hiyo kitoke kwenye kikombe hicho. Njia hii imewasaidia watu wengi kuliko maneno yangu yote.

Onyo kwa walio chini ya 18.5: msipunguze chakula. Kwenu kazi ni kubadilisha aina tu, na kuongeza njugu, parachichi na maziwa mpaka kilo zipande. Mama mwembamba anayejinyima mafuta hujiongezea hatari ya kuzaa mtoto mdogo, jambo lile lile tunalokimbia.

Hatua ya 5: Samaki, bila karai

Ziwa limetupa chakula bora kabisa kwa kazi hii, kisha tunakizamisha kwenye karai la mafuta meusi. Samaki wenyewe wana mafuta ya omega 3, ambayo mishipa na kondo huyahitaji. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 70, ulionyesha kwamba wajawazito walioongezewa omega 3 walizaa kabla ya wiki ya 37 kwa uchache zaidi. Kula samaki angalau mara mbili kwa wiki. Omena zihesabu kwanza: ni bei nafuu, na ukizila na mifupa yake unapata kalsiamu.

Omena za watu wanne. Chukua vikombe viwili, chambua kokoto na majani. Osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka usione mchanga chini ya beseni. Chemsha dakika 10, mwaga maji hayo ili uchungu utoke. Bandika sufuria kavu, tia omena bila mafuta, geuza kwa moto mdogo mpaka zikauke na zianze kunukia. Zipakue kando. Kwenye sufuria hiyo hiyo tia mililita 15 za mafuta, kitunguu, na nyanya tatu, funika mpaka nyanya zivunjike zenyewe. Rudisha omena, ongeza robo kikombe cha maji, dhania, na limau ukizima moto. Hatua ya kukausha bila mafuta usiiruke. Ndiyo inayoleta ule utamu ambao watu hudhani unatoka kwenye kukaanga.

Ngege. Chanja pande zote mbili, paka chumvi, limau na tangawizi. Ukipenda ngozi yenye moshi, mchome kidogo juu ya jiko la makaa kwanza. Kwenye sufuria chemsha nyanya, kitunguu na hoho kwa nusu kikombe cha maji na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, laza samaki, funika dakika 15 hadi 20. Usikoroge, tikisa sufuria tu.

Ukienda kula hotelini, jihadhari na jina. Samaki wa mchuzi anayeletwa mezani karibu kila mara amekaangwa kwanza kwa kuzamishwa, ndipo akatiwa mchuzi. Muulize mpishi akuchemshie mbichi moja kwa moja, au akuchomee. Itachukua nusu saa zaidi. Agiza kwa simu kabla hujafika. Na mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta (sangara) unaokaangwa barabarani, una nyama kidogo na mafuta mengi. Ukinunua mbichi ukachemshia supu nyumbani, ni chakula kizuri.

Hatua ya 6: Mboga na nyama

Osuga, dek, apoth, boo, mitoo: mboga hizi zinahitaji mafuta kidogo ili mwili ufyonze vitamini A iliyomo, kwa hiyo usizile kavu. Kijiko kikubwa kimoja kwa chungu cha watu wanne kinatosha. Mila yetu ya kupika kwa maziwa mpaka mboga ilainike ni nzuri, iendelee. Kinachozidi ni krimu nzito na mo dhiang' (samli ya kienyeji) vijiko vitatu juu yake. Tumia maziwa yenyewe, au kijiko kikubwa kimoja cha njugu zilizosagwa.

Kuku mtoe ngozi. Nyama ya ng'ombe kata mafuta meupe kabla ya kupika. Kwa supu, watu wa baridi huiacha usiku kucha wakaondoa tabaka lililoganda. Hapa Kisumu bila friji itachacha. Inamisha sufuria ikiwa moto, acha dakika tano, uengue mafuta ya juu kwa upawa.

Hatua ya 7: Vya barabarani

Sitakuambia usile chapati tena maishani. Chagua siku moja au mbili kwa wiki, na siku hizo upunguze mafuta ya nyumbani. Siku nyingine kifungua kinywa kiwe viazi vitamu, nduma, uji wa wimbi, yai la kuchemsha, mahindi ya kuchemsha au ndizi. Vyote vinapatikana kwenye masoko ya Kibuye na Jubilee kwa bei ya mandazi matatu au manne.

Ukipika chapati mwenyewe, kanda unga kwa maji ya moto na kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kwa vikombe vinne, funika unga upumzike nusu saa, kisha paka mafuta kwa brashi badala ya kumimina. Zitakuwa laini. Nilizipika hivyo kwa wateja wangu miezi minne kabla hata mmoja hajaniuliza nimebadilisha nini.

Usirudie mafuta ya kukaangia zaidi ya mara moja au mbili, na yakianza kutoa povu au moshi, yamwage.

Hatua ya 8: Ongeza mazuri

Nusu parachichi, au kiganja kimoja cha njugu karanga, au kijiko kikubwa kimoja cha simsim, kila siku. Chagua kimoja, si vyote, maana navyo ni mafuta. Njugu zilizokunjamana, zenye ukungu au zenye uchungu zitupe. Kuzikaanga hakuondoi sumu ya ukungu.

Usinywe mafuta ya ini la samaki kwa kutafuta omega 3. Yana vitamini A nyingi ya aina inayoweza kumdhuru mtoto wiki za mwanzo kabisa. Maini nayo yawe mara chache.

Hatua ya 9: Mume naye

Mbegu za mwanamume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Anachokula sasa ndicho atakachokileta baada ya miezi miwili na nusu. Ale chungu kimoja nawe, apunguze pombe, aache sigara. Na asivute ndani ya nyumba, kwa sababu moshi huo hubana mishipa yako pia.

Hatua ya 10: Hedhi ikikosa

Endelea na kipimo kile kile. Nenda kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, uchukue kijitabu cha mama na mtoto. Kama mimba iliyopita ulipata presha au kifafa cha mimba, sema siku ya kwanza kabisa. Daktari anaweza kukuanzishia aspirini ya kipimo kidogo kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie. Kwenye hospitali kubwa kuna skani ya dopla inayopima jinsi damu inavyopita kwenye mishipa ya mji wa mimba. Ukiambiwa uifanye, ifanye, haimuumizi mtoto.

Na malaria. Huku kwetu siwezi kuzungumzia damu ya kondo bila kuitaja, kwa sababu vimelea hujificha kwenye kondo lenyewe na kuziba njia, hata kama mama hana homa. Unaweza kupika kwa alizeti kila siku na malaria ikaharibu kazi yote. Lala ndani ya neti kila usiku, na kuanzia wiki ya 13 meza dawa za kuzuia malaria unazopewa kliniki. Ikiwa unameza Septrin, wajulishe kwanza.

Kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia: nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Ukikwama

Nakaa na mama mkwe na yeye ndiye mpishi. Usimwambie anapika vibaya. Mwambie, "Mama, daktari ameniomba nipime mafuta kabla ya kukuletea mjukuu, nisaidie." Mpe kile kikombe cha dawa akishike yeye. Nimewaona akina mama wakali kabisa wakawa walinzi wa chupa. Kama bado anataka kutia mo dhiang' kwenye mboga, mwombe akupakulie yako kabla hajatia.

Alizeti ni ghali. Lita moja ya bei ya juu inayofika siku 16 linganisha na lita mbili za bei ya chini zinazoisha ndani ya siku hizo hizo. Piga hesabu kwa bei za duka lako. Ikishindikana, baki na mafuta unayoyamudu lakini ushike kipimo; kipimo pekee tayari ni hatua kubwa.

Chakula kinashika sufuria. Moto ni mkali au mfuniko haufungi. Ongeza maji vijiko viwili badala ya mafuta, funika.

Nashikwa na njaa saa nne asubuhi. Kifungua kinywa chako hakina protini. Ongeza yai, au maziwa mala, au maharagwe ya jana. Chai na mkate mtupu haitakufikisha.

Tayari nina mimba ya miezi miwili, nimechelewa? Anza leo jioni. Mishipa bado inatanuliwa hadi karibu wiki ya 20. Ila usijaribu kupunguza uzito wakati huu, badilisha aina na kipimo tu. Kama kichefuchefu kinakataa omena, kula yai na njugu mpaka kipite.

Natamani odowa. Huo ni udongo, na mara nyingi tamaa hiyo huja pamoja na upungufu wa damu. Nenda upimwe damu, umweleze muuguzi ukweli, hatakucheka.

Nilikuwa natumia sindano ya miezi mitatu. Rutuba inaweza kuchelewa kurudi, wakati mwingine karibu mwaka mzima tangu sindano ya mwisho. Usihesabu miezi hiyo kama kushindwa. Endelea na foliki na kipimo cha sufuria.

Nimefuata yote na sijashika mimba. Kama una chini ya miaka 35, subiri mwaka mmoja wa kukutana bila kinga. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi sita. Baada ya hapo nendeni kwa daktari mkiwa wawili, na mume apimwe siku ile ile unayopimwa wewe.